Dume wa Dorper na Udongo wa Njoro

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya mwanakondoo: nini kinamkuza, na nini kinamdumaza. Najua wengi mnaonisikiliza, kutoka Molo na Njoro hadi Rongai, Subukia, Gilgil na Naivasha, mna kondoo nyumbani, hata kama ni watatu tu wanaofungwa kamba kando ya barabara. Na malalamiko ninayoyasikia sana ni haya. Mtu amejinyima, ameuza fahali wake au amechukua mkopo wa chama, akanunua dume wa Dorper mwenye kichwa cheusi na mgongo mpana. Akampeleka nyumbani kwa furaha. Mwaka ukapita, wanakondoo wakazaliwa, na rangi ni ya baba mtupu. Lakini mwili haukufuata rangi. Wa miezi sita ukimtazama utasema ana miezi mitatu. Basi mwenye kondoo anaanza kunung'unika kwamba aliuziwa dume bandia.

Pengine ni kweli aliuziwa chotara, maana sokoni kuna kila aina ya watu. Lakini mara nyingi dume yule hana kosa. Sisi wafugaji wa huku tumezoea kuamini kwamba ukuaji unanunuliwa pamoja na dume: unalipa, unashika kamba, unaondoka nao. Sivyo. Dume anatoa nusu ya urithi wa mwanakondoo, na urithi wenyewe haufanyi kazi peke yake. Yapo maziwa ya mama, ipo minyoo, ipo baridi ya usiku wa Mau, na hapa kwetu Nakuru upo pia udongo tunaoukanyaga. Nitaanza na udongo, kwa sababu wengi wetu hatuuhesabu kabisa tunapohesabu gharama za kondoo.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa mlowezi Mwingereza, Lord Delamere, ekari 100,000 za ardhi kule Njoro, katika nchi iliyokuwa malisho ya Wamaasai. Delamere alikuwa na fedha, na alikuwa na haraka. Aliagiza kondoo jike wa Merino kutoka New Zealand, akaagiza na madume wa mbegu za Uingereza ili awapandishe kondoo wa Kimaasai. Ukiangalia mbegu peke yake, hapakuwa na mfugaji aliyemzidi katika nchi hizi. Nyasi nazo zilikuwa tele, kijani kibichi, na mtu yeyote angesema hapa ndipo pa kondoo. Merino wale walikufa, wengi wao katika muda mfupi. Ng'ombe wake nao walikufa. Magonjwa yalichukua sehemu yake, hilo halina ubishi, lakini malisho yenyewe yalikuwa na upungufu ambao jicho haliwezi kuuona. Hatimaye Delamere alihamishia mifugo yake Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, na Njoro akaigeuza kuwa nchi ya ngano.

Walowezi waliomfuata waliona mambo yale yale. Mnyama anakula nyasi za kutosha, lakini anakonda. Anakonda mpaka anakufa, na ukimpasua huoni mdudu wala jipu la kukueleza sababu. Ukimhamisha mapema, ukampeleka kwenye ardhi nyingine hata ya mwendo mfupi tu kutoka hapo, anapona na kunenepa. Ugonjwa huo ulienea hapa kwetu hata ukapewa jina la mji wetu, ukaitwa nakuruitisi, na kwa jina hilo ukaingia katika vitabu vya madaktari wa mifugo duniani. Katika miaka ya 1920 John Boyd Orr, mwanasayansi wa Scotland ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, aliyahusisha malisho ya Kenya katika uchunguzi wake wa madini ya nyasi. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kinachokosekana ni chuma, kwa sababu mnyama mgonjwa alikuwa na upungufu wa damu, na baadhi ya mawe yenye chuma yalipolambwa mnyama alipata nafuu.

Jibu lilitoka Australia mwaka 1935. Watafiti huko walikuwa na ugonjwa kama wetu, na wenzao wa New Zealand walikuwa nao pia. Waligundua kwamba dawa haikuwa chuma chenyewe. Ndani ya yale mawe ya chuma palikuwa na chembe za madini mengine, kobalti, na ndiyo iliyokuwa ikiponya. Miaka 13 baadaye, mwaka 1948, vitamini B12 ikatengwa kwa mara ya kwanza, na ikaonekana kwamba kiini chake ni kobalti. Hapo ndipo mambo yalipoeleweka. Kondoo hapati vitamini hiyo kwenye nyasi. Inatengenezwa na vijidudu wanaoishi katika lile tumbo lake kubwa la kwanza, na vijidudu hao wanahitaji kobalti ili waitengeneze. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, kama sehemu 1 katika milioni 10 za chakula kikavu. Udongo wetu mwingi umetokana na majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na Menengai, Longonot na volkano nyingine za Bonde la Ufa, na katika sehemu nyingi hata hicho kidogo hakimo.

Sasa mtazame mwanakondoo mwenye upungufu huo, maana huenda unaye na humjui. Akiwa ananyonya anakuwa vizuri, kwa sababu anapata vitamini kwenye maziwa. Shida inaanza anapoachishwa na kuanza kutegemea nyasi. Unamkuta amesimama katikati ya majani mabichi, hali. Machozi yanamtiririka mpaka manyoya ya shavuni yanagandamana. Masikio yanatoka magamba. Sufu imekauka na kukatika, na ukimpapasa mgongoni unahesabu pingili moja moja. Mwenye kondoo anakwenda kununua dawa ya minyoo, anampa, haponi. Anampa tena. Kumbe mwanakondoo huyu angeweza kuwa mtoto wa dume bora kuliko wote wa Grootfontein kule Afrika Kusini, ambako Dorper alitoka, na bado angekonda vile vile. Kondoo wanaumwa haraka kuliko ng'ombe, na wanakondoo haraka kuliko wakubwa. Kwa hiyo usijipe moyo ukisema ng'ombe wa jirani katika shamba hilo hilo wako salama.

Mambo haya hayakuondoka pamoja na walowezi. Miaka ya 1980 watafiti walipopima udongo na majani katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, walikuta upungufu wa kobalti na shaba, na wakapendekeza wanyama wa mle wapewe madini ya kulamba. Wanyama wa porini wenye miguu minne na akili zao timamu! Kwa nini swala ahitaji jiwe la chumvi? Kwa sababu mbuga ile imezungushiwa ua. Zamani mnyama alitembea. Alikula hapa, akalamba udongo wa chumvi kule, akarudi. Wamaasai, Watugen na jamii nyingine za wafugaji walifanya hivyo hivyo na mifugo yao: walijua mahali pa kulamba chumvi, walijua majira ya kuhama, na mwanakondoo wao alikuwa anakula udongo wa mahali pengi kabla hajawa mkubwa.

Leo sisi sote tuko ndani ya ua. Mashamba makubwa yaligawanywa baada ya uhuru, kwa mipango ya makazi na kwa kampuni za kununua ardhi, na watoto wakagawana tena walichoachiwa na wazazi. Mwenye ekari 2 kule Mauche au Bahati hawezi kuhamisha kondoo kama alivyofanya Delamere kwenda Soysambu. Kondoo wake atazaliwa, atakua na atauzwa akiwa amekula majani ya udongo mmoja tu. Kama udongo huo una kasoro, kasoro hiyo itaingia katika kila mwanakondoo wa boma hilo, mwaka baada ya mwaka, hata abadilishe dume mara ngapi.

Kwa hiyo madini lazima yaletwe. Chumvi ya kulamba yenye kobalti iko katika maduka ya dawa za mifugo, na bei yake ukiigawanya kwa kondoo mmoja ni ndogo kuliko ya dawa ya minyoo isiyofanya kazi. Lakini hapa nataka unisikilize vizuri, mama na mzee. Usichukue ile chumvi ya ng'ombe ukawawekea kondoo kwa kudhani chumvi ni chumvi. Chumvi ya ng'ombe wa maziwa mara nyingi imeongezwa shaba nyingi. Kondoo anahitaji shaba kidogo, na akiikosa kabisa mtoto wake anaweza kuzaliwa na miguu ya nyuma inayoyumba. Madaktari wa mifugo walishaandika juu ya ugonjwa wa aina hiyo Kenya mwaka 1964. Lakini ikizidi, shaba inajilimbikiza katika ini lake kimya kimya, kisha siku moja inammaliza. Soma karatasi iliyobandikwa, tafuta palipoandikwa kondoo, na kama hujui kusoma mwambie kijana wa dukani akusomee mbele yako.

Nimekaa sana kwenye udongo. Tuje kwenye damu.

Dorper alitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kumpandisha Dorset Horn, kondoo wa Uingereza, na yule wa kichwa cheusi anayeitwa Persian. Huyo Persian asili yake ni pembe ya Afrika, kwa Wasomali. Kwa hiyo katika damu ya Dorper mna nusu ya jirani yetu, na ndiyo inayomsaidia kuvumilia jua. Alipofika Kenya alipendwa upesi, na si bure. Anakua haraka, nyama yake ni nyingi, na hana kazi ya kukata sufu. Katika maeneo makavu yenye malisho ya kutosha kama upande wa Naivasha na Gilgil, mwanakondoo wa Dorper anayetunzwa anamwacha mbali yule wa Kimaasai kwa uzito wa umri ule ule. Mimi simpingi Dorper. Kinachoniuma ni namna tulivyomsambaza.

Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilianzisha mpango wa kuwasambaza madume wa Dorper kwa bei nafuu, na kondoo wengi Wekundu wa Kimaasai, waliokuwa wamejaa katika nchi kavu za kusini na huku Bonde la Ufa, wakapandishwa na Dorper kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyemwambia mfugaji asimame wapi. Wakati watafiti wa kituo cha kimataifa cha mifugo kilichoko Nairobi, ILRI, walipotaka kununua Wekundu safi miaka ya 1990 kwa ajili ya utafiti, walitafuta kwa taabu, na hata waliowapata wengine walikuwa wameshachanganyika.

Utafiti wenyewe ulifanyika Pwani, katika shamba la Diani, mahali penye unyevu na minyoo mingi. Waliwekwa pamoja Wekundu na Dorper, malisho yale yale, mvua ile ile. Dorper mkubwa mwenye sifa zote akashindwa. Wanakondoo wake walikufa kwa wingi, na ukihesabu nyama inayopatikana kwa kundi zima, Wekundu wadogo waliwashinda Dorper mara mbili na zaidi. Katika shamba kavu la Kapiti, upande wa Machakos, Dorper alijitetea vizuri zaidi. Huo ndio ukweli ambao ningependa kila mnunuzi wa dume aende nao sokoni: mbegu iliyo bora mahali fulani inaweza kuwa ya mwisho mahali pengine, na mwenye kuamua ni mahali penyewe.

Adui wa Diani ni mnyoo mmoja anayeishi katika tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu. Mnyoo jike mmoja anataga maelfu ya mayai kwa siku. Elfu chache za minyoo hiyo zinaweza kunyonya karibu robo lita ya damu kwa siku, na mwanakondoo wa kilo 15 damu yake yote haifiki lita 2. Sasa umwambie akue! Chakula anachokula kinakwenda kutengeneza damu ya kuwalisha minyoo. Kondoo Mwekundu anaambukizwa pia, lakini mwili wake unapambana: minyoo michache inashika, mayai yanayotoka kwenye mavi yake ni machache, na damu yake haipungui sana. Uwezo huo anazaliwa nao na anawarithisha wanawe.

Upande wetu wa juu, Molo, Kuresoi, Mau Narok, mvua ni nyingi na nyasi hazikauki mwaka mzima, kwa hiyo minyoo inastawi pia, ingawa baridi inaipunguza kasi. Huko ndiko wanakofugwa Corriedale na chotara wa sufu, na ndiko ilikotoka sifa ya nyama ya kondoo wa Molo inayoandikwa katika orodha za vyakula vya hoteli za Nairobi. Tatizo la miaka hii ni kwamba dawa nyingine za minyoo haziui tena. Watu wametumia dawa moja miaka mingi, tena kwa kipimo kidogo, na minyoo iliyobaki ikawa ile isiyosikia. Kuna njia ya kupunguza matumizi iliyobuniwa Afrika Kusini, na haihitaji mashine. Mshike kondoo chini ya taya, bonyeza jicho kidogo kwa kidole gumba juu, na kwa kidole kingine vuta kope ya chini. Ngozi ya ndani ikiwa nyekundu, mwache aende. Ikiwa nyeupe, damu imeisha, mpe dawa leo. Fanya hivyo mahali penye mwanga wa jua, kwa kundi zima, kila wiki mbili wakati wa mvua. Baada ya miezi michache utaona kwamba wanaohitaji dawa ni wale wale. Hao usiwaache wazae watoto wa kurithi udhaifu huo.

Nimesema dume anatoa nusu ya urithi. Mama anatoa nusu nyingine, kisha anaongeza kitu ambacho dume hana: tumbo na chuchu. Mimba ya kondoo ni miezi mitano, na mtoto anaongezeka uzito zaidi katika wiki sita za mwisho. Ukimfunga jike mwenye mimba kwenye majani makavu ya Februari bila kumwongezea chochote, mtoto anazaliwa mdogo, na dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, yanakuwa haba. Katika baridi ya Mau, mwanakondoo mdogo aliyezaliwa usiku bila dang'a ya kutosha hafiki asubuhi. Mwenzake aliyezaliwa Mei, mama akiwa ameshiba, anaanza maisha akiwa mbele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro, walipochambua kumbukumbu za uzito za Dorper wa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walitenganisha mchango wa urithi wa mwanakondoo mwenyewe na mchango wa mama yake, na yote miwili ikaonekana. Kwa hiyo unapompima mwanakondoo wa miezi mitatu, kwa kiasi kikubwa unapima maziwa aliyonyonya. Urithi wake mwenyewe unajionyesha vizuri zaidi baadaye, akishaachishwa na kujitegemea.

Na hapa ndipo jicho letu linapotudanganya zaidi. Tuseme una wanakondoo wawili wa kiume na unataka kubakiza mmoja awe dume wa kundi. Wa kwanza alizaliwa peke yake, kilo 3.5, na siku ya 90 ana kilo 17. Ameongezeka kilo 13.5, yaani gramu 150 kwa siku. Wa pili ni pacha, alizaliwa na kilo 3, na siku ya 90 ana kilo 14.7. Ameongezeka gramu 130 kwa siku. Kila mtu atamchukua wa kwanza. Lakini yule wa pili aligawana chuchu na mwenzake, na kama pacha mwenzake ana uzito kama wake, mama yao amelea kilo 29.4 katika muda ambao mama wa kwanza amelea kilo 17. Ukiwachinja pacha kila mwaka na kubakiza wa peke yao kwa sababu ya ukubwa, umri wako wote wa ufugaji utakuwa unaondoa damu ya pacha katika boma lako kwa mikono yako mwenyewe.

Tena kuna umri. Mwanakondoo aliyemtangulia mwenzake kwa wiki tatu, kwa mwendo wa gramu 150 kwa siku, atakuwa mbele kwa kilo 3 na zaidi, na hakuna uhodari wowote katika hizo kilo. Kuna dume na jike: wa kiume hukua haraka kuliko dada zake. Kuna mama anayezaa kwa mara ya kwanza, ambaye maziwa yake hayajafika. Mambo haya yote yanaingia machoni kwa pamoja kama kitu kimoja, na sisi tunakiita mbegu nzuri. Katika maonyesho ya kilimo ya Nakuru, mwezi wa Julai, nawaona watu wakimzunguka dume mnene na kuuliza bei. Sijaona wengi wakiuliza alikula nini. Dume aliyelishwa nafaka miezi minne hawezi kuwarithisha wanawe nafaka.

Basi urithi una thamani gani? Una thamani, lakini ujue kiasi chake. Kwa uzito wa kuachishwa, tafiti nyingi za kondoo zinaonyesha kwamba kati ya tofauti zinazoonekana baina ya wanyama waliotunzwa pamoja, sehemu inayotokana na urithi unaopita kwa watoto ni kama asilimia 10 hadi 30. Tuchukue 20. Umepata dume aliyewazidi wenzake wa rika lake kwa kilo 5, mahali pamoja, utunzaji mmoja. Katika hizo kilo 5, moja tu ndiyo ya urithi. Na kwa kuwa yeye ni nusu ya wazazi, wanawe watazidi wengine kwa nusu kilo. Nusu kilo! Najua kuna mtu amekunja uso. Lakini nusu kilo hiyo itakuwa katika kila mtoto wake, na mabinti zake wataipitisha mbele, na dume wa kufuata ataongeza yake juu yake. Lishe ya mama na chumvi ya madini zinaweza kukupa kilo kadhaa mwaka huu huu, ila mwakani utazilipia upya. Mfugaji mwenye akili anaanza na hizo za haraka, kisha anaacha urithi ujenge taratibu juu ya kundi lenye afya. Sisi tunafanya kinyume: tunalipia urithi kwa fedha nyingi na kuuweka juu ya njaa.

Na huyo dume mmoja, tafadhali, usimwache akae bomani miaka minne. Mwaka wa pili atakuwa anawapanda mabinti zake. Watoto wa baba na binti huzaliwa na damu iliyokaribiana mno, na mara nyingi huwa wadogo, dhaifu, na wengi wao hufa. Nimeona maboma ambako dume alisifiwa sana kwa watoto wake wa kwanza na kulaaniwa kwa wajukuu, watu wakidhani amezeeka. Badilishaneni na jirani wa kata nyingine kila baada ya mwaka mmoja na nusu. Haigharimu kitu isipokuwa mazungumzo na nauli ya pikipiki.

Mizani ya kuning'iniza inapatikana Nakuru mjini. Kikundi cha wafugaji kumi kinaweza kununua moja. Mfunge mwanakondoo katika kitambaa cha gunia kilichotobolewa matundu manne ya miguu, mtundike, soma, andika. Andika siku aliyozaliwa, peke yake au pacha, mama yake ni nani na huu ni uzazi wake wa ngapi, uzito wa kuzaliwa, uzito wa siku 90, kisha wa miezi sita. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha kondoo 20 kwa miaka kadhaa. Na kama unao majike Wekundu wa Kimaasai, hata wawili, wapime pia kabla hujakubali mtu akuambie uwauze. Pima kundi lote wakati wa mvua, wakati minyoo iko kazini, uone ni watoto wa nani wanaoendelea kuongezeka.

Ombi langu la mwisho jioni hii ni kwa wanaouza madume wa mbegu, wawe watu binafsi au vituo vya umma. Mnunuzi anapotoa fedha zake, apewe dume pamoja na karatasi: tarehe ya kuzaliwa, uzito wa siku 90, uzito wa wenzake wa msimu ule, kama ni pacha, alilishwa nini, na alilelewa kwenye malisho ya wapi. Anayetoka Molo ajue kama anamnunua dume aliyekulia kwenye vumbi la Naivasha. Wafugaji, anzeni kuidai karatasi hiyo katika mauzo ya msimu huu, na kama muuzaji hana, shusheni bei.